Siku mbili za kwanza Hamburg

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kuitumia Jumamosi na Jumapili yako ya kwanza Hamburg bila kumaliza akiba. Jumamosi anzia Landungsbrücken, yaani gati za bandarini, upande feri ya 62 iendayo Finkenwerder, ambayo tiketi ya kawaida ya treni na basi inatosha, kisha ukae sitaha ya juu uzitazame meli za makontena. Ukirudi, teremka katika handaki la zamani lipitalo chini ya mto Elbe, lililofunguliwa mwaka 1911, ambamo mtembea kwa miguu halipi chochote. Kuta zake zina vigae vilivyochongwa samaki na viumbe wengine wa mtoni.

Nakusihi usiipite haraka Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu kando ya mifereji, yaliyokuwa yakihifadhi kahawa na viungo, kwa kuwa mji huu una uhusiano wa zamani na pwani yetu: kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifungua tawi Unguja mwaka 1849.

Nunua chakula Jumamosi hiyohiyo, maana Jumapili maduka mengi hufungwa. Jumapili udamke mapema, kwani soko la samaki, Fischmarkt, humalizika saa tatu na nusu asubuhi, na uvae koti la mvua.