Jibu: Picha ya babu, mkunjo juu ya jicho na madoa ya manjano

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: unataka kuikarabati picha ya babu kwenye kompyuta; picha ni nyeusi na nyeupe, mkunjo umepita jicho la kushoto, kuna madoa ya manjano, na kila ukitumia Heal (brashi ya kuponya madoa) ya GIMP, programu ya kuhariri picha, kope zinageuka ukungu.

Kabla ya kulaumu brashi, angalia skani yenyewe. Skani kwa rangi, hata kama picha haina rangi: dpi (nukta kwa inchi) 600, au 1200 kwa picha ya saizi ya pasipoti, faili la TIFF (lisilopoteza ubora) la biti 16, marekebisho yote ya skana yakiwa yamezimwa. Doa la manjano hunyonya mwanga wa buluu, kwa hiyo kwenye chaneli nyekundu (sehemu ya skani yenye mwanga mwekundu tu; nyingine ni kijani na buluu) hufifia sana, mara nyingine hulioni kabisa. Itoe chaneli hiyo peke yake uifanyie kazi. Na kama picha imegandia kioo cha fremu, usiibandue! Skani pamoja na kioo.

Ukungu unatokea kwa sababu Heal inachanganya weusi wa kope na weupe wa mkunjo ulio jirani. Iache kwa ngozi tu. Kwenye kope, nywele na ukosi tumia Clone (inayonakili sehemu nyingine ya picha bila kuchanganya), brashi pana kidogo tu kuliko mkunjo, juu ya leya (tabaka) mpya tupu, "Sample merged" ikiwa imewashwa ili isome leya zote zinazoonekana.

Programu zinazojibunia uso mimi siziamini, zitakuletea babu wa mtu mwingine. Jicho likiwa limefutika kabisa, nakili lile zima uligeuze kushoto-kulia kama kwenye kioo, kisha nukta ya mwanga kwenye mboni irudishe upande uleule ilipo kwenye jicho zima, la sivyo atatoka na makengeza.