Kabla ya kupandisha moto, soma mchanganyiko

Nyinyi mnaoanza kazi kwenye kiwanda cha chupa, nawaomba jambo moja: chupa zikitoka na kasoro, msikimbilie kupandisha moto wa tanuri. Angalieni kwanza kilichoingia ndani yake.

Mchanga wa silika peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi, joto gumu mno kwa tanuri la kawaida. Magadi, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, huteremsha joto hilo kwa sababu sodiamu hukatakata mtandao wa silikoni na oksijeni. Ila mtandao uliokatwa hulegea, na silika ikichanganywa na magadi tu hutoa kioo kinachoyeyuka majini. Chokaa ndiyo inayokiimarisha. Kwa hiyo kioo cha chupa huwa na silika asilimia 70 na kidogo, oksidi ya sodiamu (itokayo kwenye magadi) kama 13 na ya kalsiamu (itokayo kwenye chokaa) kama 10. Usawa huo si wa kuchezea. Chokaa ikipungua, unyevu huanza kukila kioo. Ikizidi, fuwele huota kabla chupa haijaumbwa. Badilisheni kiungo kimoja kwa wakati mmoja, kisha subirini tanuri lizoee.

Chuma kwenye mchanga nacho kina nguvu ya ajabu: hata sehemu ya kumi ya asilimia moja huleta rangi ya kijani. Kwa chupa nyeupe, yaani zisizo na rangi, pimeni kila shehena ya mchanga.

Ninalosisitiza kuliko yote ni chupa kuukuu zinazorudishwa tanurini. Zinaokoa nishati, na nazipenda sana. Lakini humo hujificha vyombo vya maabara na bakuli za kuokea. Vioo hivyo vina boroni na silika nyingi zaidi, hutanuka kwa joto kiasi cha theluthi moja tu ya kioo cha chupa, na ndiyo sababu havipasuki ovyo. Kwenye tanuri letu huchelewa kuyeyuka. Kikibaki kipande kimoja ndani ya ukuta wa chupa, chupa ikipoa kila upande husinyaa kwa kiwango chake, na ufa huanzia hapohapo. Kwa macho vinafanana na kioo cha kawaida, basi wanaochambua wapeni muda, mwanga wa kutosha na ruhusa ya kusimamisha mkanda unaopitisha vioo.