Mwamko, Ufufuko au Ufufuo?

SWALI: Ninatafsiri masimulizi ya filamu fupi kuhusu wachoraji wa Italia, na nimekwama kwenye jina la kipindi chenyewe. Kitabu kimoja kinasema Ufufuko, kingine Zama za Mwamko, na mwenzangu anashikilia tuandike Renesansi yaishe. Lipi sahihi? Halafu, Quattrocento ndiyo karne ya 14?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Renesansi, yaani kile kipindi cha karne ya 14 hadi ya 16 ambapo Ulaya, ikianzia Italia, iligeukia tena elimu na sanaa ya Wagiriki na Warumi wa kale, siikatai, ila haimfai mtu asiyeijua tayari. Itaje mara moja pale mwanzo, kisha endelea na Kiswahili.

Jina hilo la Kifaransa, Renaissance, lilishika kasi baada ya mwanahistoria Jules Michelet kulitumia mwaka 1855, na mwenzake Jacob Burckhardt akalitia nguvu mwaka 1860 kwa kitabu chake juu ya Italia. Kabla yao Giorgio Vasari, mwaka 1550, alikwisha kusema kwa Kiitalia rinascita, yaani kuzaliwa upya, alipoeleza habari za wachoraji na wachongaji. Sasa jaribu kusoma "Zama za Kuzaliwa Upya" kwa sauti katika filamu yako. Msikilizaji atadhani anaalikwa kwenye mkutano wa Injili.

Ufufuko nao una wenyewe: ukilisikia unawaza Pasaka au Siku ya Kiyama. Ila mimi nalikataa zaidi kwa sababu ya kitenzi chake. Kufufuka ni kuinuka tu, aliyekuinua hatajwi. Kufufua kunataka mtendaji, na katika habari hii watendaji wapo, tena kwa majina. Mwaka 1397 Manuel Chrysoloras alitoka Constantinople akaja Florence kufundisha Kigiriki, lugha ambayo wasomi wengi wa huko walikuwa hawaijui. Mwaka 1416 Poggio Bracciolini, karani wa Papa, aliingia katika monasteri ya St. Gallen akakikuta kitabu kizima cha Quintilianus, mwalimu wa Roma ya kale, juu ya ufundi wa kusema. Kilikuwa chini ya mnara, kimejaa vumbi na ukungu, mahali ambapo, aliandika mwenyewe, hata waliohukumiwa kufa wasingetupwa. Alikinakili kwa mkono wake. Hiyo ni kazi ya jasho, na jina lake kwa Kiswahili ni ufufuo, si ufufuko.

Yupo mwingine ambaye sisi watu wa lugha hatuwezi kumpita. Kulikuwa na hati iliyodaiwa kuwa ya Kaisari Konstantino wa karne ya 4, ikimpa Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla, msomi wa Kilatini, aliichambua neno kwa neno. Inakuwaje, aliuliza, hati ya Kirumi iwataje maliwali wa Kiajemi miongoni mwa wakubwa wa Roma? Na Kilatini chake mbona ni cha watu wa baadaye? Hati ilikuwa ya kughushi, na iliyoiumbua ni sarufi na msamiati.

Basi tuite kipindi kizima Ufufuo? Hapana, kwa kuwa si yote yaliyofufuliwa. Kuba la kanisa kuu la Florence, lililojengwa na Filippo Brunelleschi kati ya 1420 na 1436, ni la matofali, na liliinuliwa bila kiunzi cha mbao cha kulishikilia kutoka chini. Kuba la Pantheon, hekalu la kale kule Roma, ni la zege. Brunelleschi hakurudisha kitu pale, alibuni. Tena baadhi ya elimu ya kale haikuwahi kufa: Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alisomwa na kufafanuliwa na msomi Mwislamu Ibn Rushd huko Andalusia, Hispania, katika karne ya 12, na wasomi wa Ulaya wakampokea kupitia tafsiri za Kilatini.

Kwa hiyo andika Zama za Mwamko kwa kipindi, na ufufuo wa elimu ya kale kwa kazi ile ya akina Poggio. Najua mwamko tumeuzoea kwenye hotuba, "mwamko wa wazazi kupeleka watoto shule", lakini neno zama na herufi kubwa vinatosha kuutenga. Angalia tu usiuchanganye na Zama za Mwangaza, ambazo ni za akina Voltaire, karne ya 18. Na ni "zama zile", "zama hizo". "Zama hiyo" ninayoisikia redioni inakera masikio.

Quattrocento siyo karne ya 14. Maana yake ni mia nne, kifupi cha elfu moja mia nne, yaani miaka ya 1400, na hiyo ni karne ya 15. Watafsiri wengi huangukia hapo kwa kufuata tarakimu. Kuba la Brunelleschi ni la Quattrocento. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo, iliyoanzwa 1501 na kumalizika 1504, ni ya Cinquecento, yaani miaka ya 1500, kwa hiyo utaandika karne ya 16.