Nataka kuwa mtu wa sindano za Kichina, nitakula?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni nesi, miaka 29, niko Morogoro. Mama alisumbuliwa na mgongo miaka mingi, akaenda kuchomwa sindano za Kichina (akyupancha, zile nyembamba zisizo na dawa) kama mara nane hivi, saa hizi anainama anafagia uwanja mwenyewe. Toka hapo nimeipenda hiyo kazi hadi naota. Kuna mtu ananiambia ipo kozi ya wiki sita ya mtandaoni, unapewa cheti unafungua kliniki. Nilipe? Na inalisha kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela usiitoe kwanza.

Sindano yenyewe haina shida, nyingi tunazotumia zina unene wa robo milimita, mteja anakuuliza "umeshachoma?" na we ushamaliza tatu. Shida ni mkono. Mimi nilianza kwa kuchoma kipande cha sabuni, nikachoma, nikachoma, halafu ndo mguu wangu mwenyewe, pale vidole vinne chini ya goti, kwa nje kidogo ya ugoko, Wachina wanapaita Zusanli. Ukipakosa unasikia kama umechomwa na mwiba basi, ukipapata panakuwa pazito, panavuta mpaka kwenye wayo. Sasa huo uzito kwenye video hauonekani. Halafu kuna pointi inaitwa Jianjing, huko juu ya bega, chini yake kuna ncha ya pafu, mgonjwa akiwa mwembamba na we umezamisha sindano wima unamtoboa pafu. Pointi za kuchoma, zile za kwenye njia kuu za mwili wanazozifuata Wachina, ziko 361 dada'angu, wiki sita nani atakushika mkono?

Ukitaka njia ya uhakika, vyuo vya China vinatoa digrii ya miaka mitano, na wengi wanaanza na mwaka wa lugha kwanza. Skolashipu za serikali ya China zipo, omba. Ila kabla hujalipa chuo chochote, kiwe cha hapa au cha nje, nenda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lile la chini ya Wizara ya Afya, lipo kwa sheria ya 2002, waulize kama cheti hicho watakipokea. Na ujue we unasajiliwa na chumba chako cha kazi nacho kinasajiliwa, watu wanasahau hilo la pili wanakuja kufungiwa mlango.

Kuhusu kula. Utakula, ila taratibu sana. Mgonjwa wa mgongo haponi siku moja, anakuja mara mbili kwa wiki, mara sita mpaka kumi, kwa hiyo mshahara wako ni yule anayerudi, na mvua ikinyesha harudi, na akipata nafuu mara ya tatu ndo humwoni tena! Mwaka wa kwanza kodi ya chumba nililipa kwa hela za zamu za usiku hospitali. Unesi usiuache. Kilichonikomboa ni kitanda cha pili na pazia katikati, maana sindano zinakaa dakika 20 mpaka 30, huyu akiwa amelala we unaanza na mwingine.

Lakini hapo ndo nilipoumbuka. Hesabu sindano zilizoingia, hesabu zilizotoka, sheria namba moja, mi siku hiyo nilikuwa na haraka nikahesabu kwa macho. Jioni mama mmoja ananipigia yuko kwenye daladala, Ubungo, "dokta, konda ananiambia nina kitu kinang'aa nyuma ya sikio." Nilitamani ardhi ipasuke. Sasa hivi nahesabu kwa sauti, mgonjwa anahesabu na mimi, ikitoka moja inaenda sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, palepale, hairudiwi kwa mtu mwingine hata iweje.

Na kitu kimoja we kama nesi utakiweza kuliko wengine, watu watakuja wamekunja kadi ya presha mfukoni wanataka uwaambie waache vidonge. Usithubutu. Maumivu ya mgongo, goti, kichwa cha kipandauso, hayo tunasaidia. Homa mpeleke akapime malaria.

Msalimie mama. Mwambie kufagia sawa, ila ndoo za maji awaachie wajukuu.