Istilahi za sayansi: mwache mtoto alipasue neno mwenyewe

Mleta mada, umeuliza kama asili ya maneno inasaidia, maana mwanao anakariri istilahi usiku na asubuhi zimeyeyuka. Inasaidia, ila mimi nilianza vibaya. Nilimwandikia binti yangu orodha ya mizizi ya Kigiriki, nikaibandika ukutani. Akaikariri. Sasa akawa na vitu viwili vya kusahau badala ya kimoja.

Kilichofungua njia ni neno kimeng'enya (enzaimu). Alikuwa ameandika maana yake kwa maneno ya kitabu, hajui anachosema. Nikamwambia afunike "ki" kwa kidole, asome kilichobaki. Akanyamaza kidogo, kisha: "Kumbe ndicho kinachomeng'enya chakula!" Tangu hapo tukawa tunaanza na maneno yanayopasuka kwa Kiswahili chenyewe: kipimajoto, chembehai, usanisinuru. Hili la mwisho lilimtisha mpaka alipoiona nuru mkiani. Usanisi ni kuunganisha vitu ukapata kingine; mmea unaunda chakula kwa nuru. Ndipo nikamwekea fotosinthesi kando yake: foto ni nuru, sinthesi ni kuunganisha. Kigiriki hakikumpa kazi ya kukariri tena, alilinganisha tu.

Yapo maneno ambayo tumeyazoea hata hatuoni kwamba yana mshono. Darubini ni Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Sayari ni Kiarabu, yenye kutembea, na Wagiriki nao waliziita wazururaji, kwa kuwa watazamaji wa kale waliona zikihama huku nyota nyingine zikibaki kwenye mpangilio wake. Neno hilo lifundishie nje, usiku.

Utakutana na mitego. Nilipomwambia "a" ya atomu ni ya kukanusha, yaani kisichokatika, akaniuliza asidi ni kitu kisicho na nini. Nilicheka mpaka machozi. Asidi ni ya Kilatini, ina maana ya uchachu, na "a" hiyo ni yake tangu kuzaliwa. Usimkemee akikosea hivyo. Ujue ameanza kupasua bila kutumwa.

Lakini utamu hasa uko kwenye majina yanayodanganya. Lavoisier, mkemia Mfaransa wa karne ya 18, aliipa oksijeni jina lenye maana ya mzalisha asidi, akiamini kila asidi ina gesi hiyo. Asidi hidrokloriki (HCl) haina: ni hidrojeni na klorini basi. Binti yangu hajawahi kuisahau HCl, kwa sababu ndiyo iliyomkamata mkubwa akikosea. Na atomu "isiyokatika"? Mwaka 1897 mwanafizikia Mwingereza J. J. Thomson alionyesha kwamba ndani yake kuna elektroni, chembe ndogo kuliko atomu yenyewe. Hilo tulilijadili jioni nzima.

Maneno mawili kwa wiki yanatosha, na mengine hayana cha kupasua. Volti, kipimo cha umeme, ni jina la mwanasayansi Volta tu, tuliliandika, tukapita.