Turbo au bila turbo? Niulize kwanza unaishi wapi

Vijana wanaotafuta gari la spoti la kwanza huniuliza swali lilelile: ninunue lenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, au lisilo na turbo? Wengi wao huwa wameshajijibu. Wa Subaru anataka kusikia turbo, wa Altezza anataka kusikia injini inayopanda mizunguko mpaka mwisho bila msaada wa mtu. Mimi huwarudishia maswali mawili: unaishi wapi, na fundi wako ni nani?

Maswali hayo nimeyapata kwa gharama. Nikiwa Mombasa niliendesha Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono kwa miaka minne. Kazi ikanipeleka Nairobi, na baada ya mwaka mmoja huko nikaiuza na kuchukua Subaru Impreza WRX. Zote mbili ni injini za lita 2.0, zote za Japani, za umri unaokaribiana. Ya Altezza haina turbo na ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210, ambazo huzipati mpaka ufike mizunguko 7,600 kwa dakika. WRX ile ilikuwa na 250 kwenye mizunguko 6,000. Ukisoma karatasi utadhani tofauti ni hizo farasi 40. Siyo. Tofauti iko kwenye namna nguvu zinavyokujia: WRX inafikia kilele cha mvuto wake kwenye mizunguko 3,600 tu, wakati Altezza hapo ni gari la kawaida la kupelekea watoto shule. Ukivuka 6,000 ndipo inapofunguka, na ile sauti yake huko juu sijaisikia tena kwenye gari lolote nililomiliki.

Pale Nyali, usawa wa bahari, Altezza haikuwa na upungufu wowote machoni pangu. Nilipoihamishia bara ndipo nikaona jambo ambalo wabishi wengi hawaligusi. Kutoka Mombasa mpaka Voi gari lilikuwa lilelile. Baada ya Sultan Hamud, kila nilipotaka kupita lori kwenye mlima nilijikuta nashuka gia mbili badala ya moja, kana kwamba nimebeba magunia kwenye buti. Nilipofika Nairobi nikanunua plagi mpya, nikasafisha sensa ya hewa, nikabadilisha chujio la petroli. Hakuna kilichobadilika. Mzee mmoja fundi wa Industrial Area akaliendesha mzunguko mmoja, akarudi, akanipa ufunguo. "Mwanangu, hili gari halina ugonjwa. Limekosa hewa tu."

Alikuwa sahihi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa kunyonya: pistoni inashuka, nafasi inabaki wazi, na hewa ya nje inasukumwa ndani na uzito wake yenyewe. Kadiri unavyopanda, uzito huo unapungua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwa kila mita 300 injini ya aina hii hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake. Piga hesabu: farasi wangu 210 wa Nyali walikuwa wamebaki kama 175 Nairobi, na Limuru, inayopita mita 2,200, walipungua zaidi. Sikuibiwa na mtu. Nilikuwa nimepanda mlima tu na gari langu.

Turbo inakwepa sehemu kubwa ya hasara hiyo. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na jingine upande wa pili, na hilo la pili linaisukuma hewa kwa nguvu kuingia ndani. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, turbo inazunguka kasi zaidi kufidia. Ndiyo maana WRX yangu iliposhuka Mombasa na kurudi Limuru haikunionyesha tofauti kubwa nikishakanyaga mafuta sawasawa. Nasema "nikishakanyaga" kwa makusudi. Chini ya mizunguko 3,000, kabla turbo haijaamka, gari la turbo la miaka ile huko juu ni zito kuliko watu wanavyokiri. Mkandamizo wa injini yake, yaani kiasi inavyoibana hewa kabla ya kuiwasha, ni mdogo, kama 9 kwa 1, wakati Altezza ina zaidi ya 11, na moshi wa kuamshia turbo nao ni haba. Ukitoka kwenye makutano ya mlimani ukategemea mvuto wa papo hapo, utapigiwa honi.

Safari Rally inaonyesha pande zote mbili za ubishi huu. Tangu ianze mwaka 1953 hadi 1983, kila gari lililoshinda halikuwa na turbo. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 na kisha 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun ambazo injini zake zilivuta hewa zenyewe. Magari yale yalisifika kwa kumaliza mashindano, na Safari ya siku hizo ilikuwa ya kumaliza kwanza. Mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda kwa Toyota Celica ya turbo, na baada ya hapo mlango ukafunguka. Colin McRae aliposhinda na Impreza mwaka 1997, kizazi chetu kilikuwa kimesimama kando ya barabara kikimezwa na vumbi lake. Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru ya turbo hayakutokea hewani, na sitamcheka mtu anayeyafuata.

Lakini turbo ina deni lake, na deni hilo linalipwa kwa oili. Hapa ndipo ningependa usome taratibu.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, pembeni ya moshi wa nyuzi 800 au 900. Kinachoizuia isijisage ni utando mwembamba wa oili, basi. Mwaka wa pili wa WRX yangu nilianza kusikia mluzi mwembamba kila turbo ilipoamka, halafu asubuhi ukaja moshi wa buluu. Yule mzee akafungua bomba la hewa, akaingiza vidole viwili, akashika ncha ya shafti na kuitikisa juu na chini. Ikacheza. Nikaishika mwenyewe, nikaisikia inagonga ukuta. Kisha akafungua boliti moja iliyo tundu katikati, ile inayopitishia oili kwenda kwenye turbo, akaigonga kiganjani. Kikadondoka kichujio kidogo cha waya, hakizidi ncha ya kidole cha mwisho. Kilikuwa cheusi, kimejaa uji mgumu kama lami, hata ukikiinua kwenye jua huoni mwanga upande wa pili. Turbo yangu ilikuwa imekufa kwa kiu huku injini ina oili ya kutosha.

Uji ule ulitokana na oili iliyoungua. Aliyekuwa na gari kabla yangu hakuacha daftari lolote la huduma, na mimi nilinunua bila kuliuliza. Nililipaki gari miezi miwili nikitafuta pesa za turbo nyingine.

Tangu siku hiyo nabadilisha oili ya sintetiki kila kilomita 5,000, hata chupa ikiandikwa 10,000. Kile kichujio hufunguliwa na kukaguliwa kila mwaka. Na nikitoka Mai Mahiu nikapanda ule mlima mpaka kwenye vibanda vya kutazamia Bonde la Ufa, sizimi gari papo hapo. Naona watu wanafika pale, turbo iko nyekundu kwa moto, wanachomoa ufunguo na kukimbilia kupiga picha. Oili inabaki imesimama ndani ya chuma kile na kuungulia humo. Endesha taratibu kilomita mbili za mwisho, au liache lingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Jambo jingine, na hili naliomba kabisa: usiongeze presha ya turbo kwa sababu rafiki ana kompyuta na kebo. Presha ikizidi na petroli ikiwa ya kawaida, mchanganyiko hujiwasha kabla ya wakati na pistoni hupasuka. Nimeona injini tatu zikiisha hivyo, zote ndani ya miezi michache baada ya kuguswa.

Injini isiyo na turbo nayo si ya kudumu milele. Ile ya Altezza hufanya kazi juu sana, kwa hiyo ikipungukiwa oili kwenye mizunguko 7,000 hakuna onyo. Kagua kijiti kila Jumamosi. Zaidi ya hapo haina bomba la kupasuka, haina intakula (kile kipoza hewa ya turbo) ya kuvuja, na fundi wa kawaida anaielewa.

Viwandani ubishi umeshaegemea upande mmoja, kwa sababu ya sheria za moshi na matumizi ya mafuta. Mwaka 2015 Ferrari ilibadilisha 458 ya lita 4.5 na kuleta 488 ya turbo, na Porsche ikaweka turbo kwenye 911 Carrera ya kawaida, ikaiachia GT3, toleo lake kali zaidi la spoti, injini ya kuvuta hewa yenyewe inayofika mizunguko 9,000. Turbo mpya huamka mapema kiasi kwamba huwezi kuzihukumu kwa WRX yangu. Ila sisi wengi tutanunua gari lililokwisha tembea kilomita laki moja, na huko hali ni ile niliyoieleza.

Basi hivi ndivyo ninavyowajibu. Uko Mombasa, Tanga au Dar: chukua lisilo na turbo, hewa ya bahari iko upande wako. Uko Nairobi, Eldoret au Nakuru na una fundi anayejua kichujio kile kilipo: chukua turbo, utafurahi. Ikiwa ndilo gari lako la kwanza la spoti, popote ulipo, anza bila turbo, kwa sababu litakufundisha kushuka gia kwa wakati na kulisoma barabarani kabla hujakabidhiwa nguvu inayokuja kwa mkupuo katikati ya kona.

Na ukienda kuliona gari la turbo, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho yake asubuhi, uje na fundi wako, na umwombe atie vidole viwili kwenye lile bomba.