Sahani Yetu na Miguu Yetu: Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua za mwezi huu zimetoka Mbeya mjini, Uporoto, Tukuyu, Mafinga, Njombe na Iringa, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: tule nini na tujishughulishe vipi ili miili yetu isituzeekee kabla ya wakati. Nimejibu saba kati ya hizo, nikiwataja waandishi kwa mahali na shughuli zao tu.

Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe chetu kiko Kabwe hapa Mbeya, na nina miaka 38. Tangu niache kazi ya ujenzi nimeota kitambi, na juzi nilipimwa presha ikasoma 150 kwa 95. Mchana ninakula chipsi mayai na soda kwa sababu ndivyo vilivyo karibu. Je, nianze dawa au nianze mazoezi?

Marahaba, ingawa mimi si daktari bali afisa lishe, kwa hiyo suala la dawa ninalirudisha kwa daktari mwenyewe. Kipimo kimoja hakitoshi kumhesabu mtu kuwa ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Rudi kupimwa siku nyingine, ukae umetulia kwa dakika tano bila kuongea, na usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa muda mfupi kabla ya hapo. Iwapo namba zitaendelea kufika 140 kwa 90 au kuzidi, daktari ataamua, na akikuandikia dawa utazimeza huku ukiendelea na mazoezi, kwa kuwa kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Tuje kwenye sahani. Simama siku moja nyuma ya kabati la muuza chipsi utazame kinachotendeka kabla sahani haijakufikia. Viazi vilivyokwisha kukaangwa asubuhi hurudishwa kwenye mafuta mara ya pili mteja anapofika, mayai humiminwa juu yake pamoja na mafuta mengine, kisha chumvi hunyunyizwa kutoka kwenye kopo lililotobolewa kifuniko, bila kipimo chochote. Mteja naye, kabla hajaonja, huongeza chumvi ya mezani na kumimina tomato, ambayo nayo ina chumvi na sukari yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi kisichojaza kijiko kimoja cha chai, na hapo kimehesabiwa chakula cha kutwa nzima. Soda ya kola ya mililita 350 unayoshushia hubeba takriban gramu 37 za sukari, ambazo ni kama vijiko tisa vya chai. Sidhani kama kuna mtu angekunywa kikombe cha chai chenye vijiko tisa bila kumgombeza aliyekitengeneza.

Sikukatazi chipsi, bali ninakuomba ziwe za mara moja kwa wiki. Siku nyingine nenda kwa mama lishe, ambaye sina shaka yupo hatua chache kutoka kijiweni, umwombe wali au ugali wa kadiri, maharage, mboga za majani zijae nusu ya sahani, kisha unywe maji. Chumvi unayobaki nayo nyumbani iwe ile yenye madini joto, kwa sababu wazee wetu wa nyanda hizi wanakumbuka vizuri rovu zilivyokuwa zikivimbisha shingo za watu kabla chumvi hiyo haijaenea nchini.

Kuhusu mwili, mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Kazi ya ujenzi ilikuwa ikikupa dakika hizo bila wewe kuzihesabu, ilhali bajaji imekuketisha tangu alfajiri hadi usiku. Ikiwa unailaza mahali penye mlinzi, chagua pa mbali kidogo na nyumbani, uende na kurudi kwa miguu kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini usiokuruhusu kuimba. Mji wa Mbeya hauna uhaba wa vilima vya kukusaidia.

Ninaishi Mafinga. Mume wangu hataki kuona dona mezani, anasema ni chakula cha shule na magereza, na wageni wakija nami ninaona aibu kuipika. Je, tofauti yake na sembe ni kubwa kiasi hicho?

Ni kubwa, mama. Mahindi yanapokobolewa, ganda na kiini huondoka na kuwa pumba, na humo ndimo mlimo makapimlo mengi (nyuzinyuzi za chakula), vitamini za kundi B, madini kama zinki na mafuta mazuri ya punje. Pumba hizo hununuliwa na wafugaji wa nguruwe na kuku, ndiyo maana wakati mwingine husema kwa utani kwamba nguruwe wa mtaani kwetu anakula vizuri kumzidi mwenye nyumba. Makapimlo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, hulainisha choo na humfanya mtu ashibe mapema. Sembe ya pakiti iliyoongezwa virutubishi ni bora kuliko sembe tupu, lakini makapimlo yaliyoondolewa hayarudishwi.

Hata hivyo, dona ina masharti yake, na wanaoisifu huyaruka. Kwa kuwa mafuta ya kiini yamo ndani, unga wake huchacha mapema, hivyo saga kidogo kidogo badala ya kujaza gunia. Pili, mahindi yaliyovunda au kuota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kupika hakuiondoi. Anayesaga dona kwa mahindi mabovu anajidhuru kuliko anayekoboa. Kausha mahindi vizuri, yahifadhi mbali na unyevu, chambua punje zilizobadilika rangi, na usizipe kuku zile ulizotupa.

Kwa mume wako usianzishe mjadala. Changanya sehemu moja ya dona na tatu za sembe, baada ya wiki kadhaa ongeza dona, na upunguze ukubwa wa ugali kwenye sahani yake huku ukiongeza mboga. Wengi hawagundui hadi waambiwe.

Ninalima viazi Uporoto kwa jembe la mkono. Vijana wangu wa mjini wananihimiza nifanye mazoezi. Kweli nahitaji?

Kulima kwa jembe, kubeba gunia na kupanda mlima kwenda shambani ni mazoezi kamili, na yanahesabika. Tatizo lako ni miezi ambayo shamba limepumzika, ambapo mwili hukaa huku chakula kikibaki cha msimu wa kulima. Katika miezi hiyo tembea kila siku na upunguze ukubwa wa tonge. Vijana wako wanaokuhimiza, waulize wao wametembea kilomita ngapi wiki hii.

Niko Njombe. Mwanangu ana miezi 14 na ni mfupi kuliko wenzake wa rika lake. Kila siku ninampa uji wa lishe wenye nafaka na mbegu kumi na mbili, ninaununua kwa bei ghali. Mbona hakui?

Mama, hauko peke yako, na jambo hili ndilo linaloniumiza zaidi katika kazi yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, lakini kwa Njombe ilikuwa karibu nusu ya watoto, na kwa Iringa zaidi ya nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi, viazi, maharage na parachichi. Mtoto anadumaa katika nyumba yenye mahindi hadi darini, kwa sababu kinachomfikia ni hayohayo mahindi, asubuhi, mchana na jioni.

Unga ulionao unaonekana tajiri kwa wingi wa majina. Ukiyasoma utakuta mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano, ambavyo vyote ni nafaka na vinafanya kazi ileile mwilini. Kila kimoja huiva kwa muda wake, kwa hiyo uji ukionekana umeiva, vingine bado. Soya isiyoandaliwa kwa moto wa kutosha humzuia mtoto kumeng'enya protini, na karanga zilizosagwa pamoja na unga na kukaa wiki nyingi huchacha, na kama zilikuwa na ukungu, hubeba sumukuvu. Nafaka moja inatosha, iwe ulezi au mahindi. Pika uji mzito unaokaa kwenye kijiko bila kuchuruzika, kisha uuongezee sufuriani karanga safi ulizozisaga mwenyewe, au maziwa.

Zaidi ya hapo, mtoto wa miezi 14 hapaswi kuishi kwa uji. Anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, pamoja na kitu kidogo katikati, huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Ponda viazi pamoja na maharage uliyoyachuja maganda, mpe yai, mpe vipande vya parachichi, na uwatwange usipa wa Ziwa Nyasa hadi wawe unga wa kunyunyiza kwenye mboga yake. Mpakulie kwenye sahani yake mwenyewe, maana mtoto anayekula sinia moja na kaka zake hushindwa mbio.

Ninajua pia kinachotokea msimu wa shamba. Mama huondoka alfajiri, uji hubaki kwenye chupa ya chai, na dada wa miaka minane ndiye anayemlisha mdogo wake akikumbuka. Hapo mzigo si wa mama peke yake; baba na bibi wa nyumba hiyo wanaweza kushika kijiko. Mpeleke mtoto kliniki na kadi yake, aombewe kipimo cha urefu na si uzito tu, na achunguzwe kama ana minyoo au anaharisha mara kwa mara, kwa kuwa utumbo unaougua haushiki chakula hata kikiwa bora.

Je, parachichi linanenepesha? Ninajaribu kupunguza uzito. (Mwanafunzi, Iringa.)

Gramu 100 za parachichi zina nishati ya takriban kilokalori 160, nyingi zikitokana na mafuta, lakini ni mafuta yanayoufaa moyo, na tunda lenyewe lina makapimlo mengi. Kula nusu mahali pa siagi au kachori, si juu yake.

Ninaishi Tukuyu, nina ujauzito wa miezi mitano, na nimeambiwa damu yangu ni 10. Ninakula mboga za majani kila siku. Kwetu chai hainywewi kwa nadra, tunakunywa pamoja na kila mlo. Ina madhara?

Kwa mjamzito, damu iliyo chini ya 11 huhesabiwa kuwa pungufu, kwa hiyo umefanya vizuri kuuliza mapema. Chai ina tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage na kuyazuia yasifyonzwe. Sikwambii uiache katika nchi ya mashamba ya chai. Isogeze tu, inywe saa moja au zaidi baada ya kula. Wakati wa mlo kula chungwa au pera, au ukamulie limau kwenye mboga, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume cha chai. Nyama na samaki, hata kwa kiasi kidogo, husaidia pia.

Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki umeze kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni rangi ya madini yale, na hiyo isiwe sababu ya kuvificha chini ya godoro kama wafanyavyo wengi.

Mimi ni mstaafu wa miaka 66, ninakaa Ipogolo, Iringa. Nina kisukari na ninatumia glibenklamaidi. Nimekusudia kupanda kwa miguu hadi mjini kila asubuhi kabla ya kula. Unasemaje?

Shikamoo mzee wangu. Nia ni njema, ila ninaomba ubadilishe mambo matatu.

La kwanza ni hilo la kutokula. Dawa unayotumia hushusha sukari iwe umekula au hujala, na mlima huishusha zaidi, hivyo unaweza kuishiwa nguvu katikati ya njia. Kula kwanza, beba pipi au sukari mfukoni, na ukihisi jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla au mawazo kuvurugika, kaa chini ulambe sukari ya vijiko vitatu au vinne vya chai, usubiri robo saa kabla ya kusimama. Mweleze daktari wako mpango huu, kwa kuwa huenda akapunguza dozi. La pili ni miguu yenyewe. Kisukari hutia ganzi miguu ya wengi bila wao kujua, na lengelenge dogo la kiatu linaweza kuwa kidonda cha miezi. Vaa soksi na viatu vilivyofungwa, na kila jioni kagua nyayo zako, au umwombe mjukuu akuangalizie katikati ya vidole.

La tatu ni mlima. Anza na tambarare kandokando ya mto Ruaha Mdogo kwa wiki tatu au nne, ukiwa na mwenzako, ndipo upande kipande kwa kipande, na maumivu ya kifua yakitokea usimame na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Siku utakayofika mjini usirudi kwa miguu, kwa sababu mteremko huyatesa magoti ya umri wetu kuliko mpando. Panda daladala ushuke nayo, na nauli yake uihesabu pamoja na gharama za matibabu.